Majina Yetu Daftarini

Mwaka juzi, baada ya Idi, sisi kina mama wa chama kimoja hapa Majengo, Mombasa, tuliazimia kumshika mkono kijana yatima wa mtaani, aliyeacha skuli ili awalishe nduguze wadogo. Kupika viazi karai alifunzwa na marehemu mamake. Tukachanga, tukamnunulia karai, jiko, gunia la viazi, unga wa dengu na mafuta. Tukaomba dua, tukapiga picha, tukaenda zetu.

Miezi mitatu haikutimia, jiko likazimika. Nasi, tusifichane, tukamlaumu: vijana wa siku hizi hawana subira. Mmoja wetu akaenda kumuuliza, akarudi na daftari. Humo mlikuwa na majina yetu. Futari ya Alhamisi ya fulani, sahani ya wageni wa fulani, viazi vya shilingi 200 vya mama fulani, "atalipa mwisho wa mwezi." Jumla ilipita shilingi 9,000. Kijana aliona haya kuwadai waliomsaidia. Nasi, bila kusema, tulihisi kwamba karai ni letu, basi na viazi ni vyetu. Mtaji tulioutoa tuliula wenyewe.

Twaisoma Suratul Baqarah majumbani mwetu, na aya yake ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandika deni. Kijana aliandika. Sisi hatukuuliza hata tunadaiwa ngapi.

Wengi wetu tulilipa wiki ile ile. Mara ya pili hatukumpa sadaka, bali karadha isiyo na riba, arejeshe shilingi 300 kila Ijumaa. Mfuko wa Uwezo wa serikali, ulioanzishwa mwaka 2013, nao hautozi riba, lakini hukopesha vikundi vilivyosajiliwa; kijana wa peke yake hutegemea majirani. Ajabu ni kwamba tangu awe mdeni wetu, ametuzoea zaidi. Anayelipa hatazami chini.

Juu ya meza yake sasa pana kadibodi iliyoandikwa "Hakuna mkopo." Maneno hayo tuliyaandika sisi, maana yeye asingethubutu. Kila alasiri twawatuma watoto na fedha mkononi, na hivi karibuni ameongeza bajia na ukwaju wa chupa.

Jina moja bado limo daftarini. Mwenyewe, tunaamini, anayasoma haya.