Dada, injini imekwisha

Samahanini ndugu zangu kwa kimya cha wiki tatu. Sikusafiri, sikuumwa, na wala sijaacha kazi kama mmoja wenu alivyodai kwenye simu. Nilikuwa chini ya boneti. Wanaonijua wanajua kwamba mimi hata balbu ya sebuleni huwa naita mtu aje kuibadilisha, kwa hiyo habari hii itawachekesha. Chekeni tu. Mimi siku ya kwanza nililia.

Ilikuwa Alhamisi jioni, Barabara ya Mandela, kati ya Tazara na Buguruni, kwenye foleni ile ya kusogea hatua mbili na kusimama dakika tano. Nilikuwa nimetoka kumchukua mama kliniki anakotibiwa magoti. Kiyoyozi kinapuliza, redio inaongea. Mara mama akaniuliza, "Mwanangu, hiki kimshale kinapanda kwenda wapi?"

Nikatazama dashibodi. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ulikuwa unaikaribia herufi H.

Mnajua nilichofanya? Sikusimama. Giza lilikuwa limeshaingia, mama hawezi kutembea mbali, na mahali penyewe sikupapenda. Nikajiambia Tabata ni hapo tu. Nikaendesha kama kilomita tatu nyingine mshale ukiwa kwenye nyekundu, mpaka mvuke ukaanza kutoka pembeni ya boneti kama sufuria ya wali. Hizo kilomita tatu ndizo zilizoninyima usingizi baadaye. Gari ni kigari cha Kijapani cha sisi 1300, mtumba, nimekinunua kwa mkopo wa SACCOS ya kazini ambao bado nakatwa miezi kumi na minne mbele.

Asubuhi akaja fundi. Hakukaa hata dakika kumi. Akafungua boneti, akainama, akanusa, akatikisa kichwa. "Dada, injini imekwisha. Silinda hedi imepinda. Tafuta injini nyingine, kwa milioni mbili na laki nne unapata, mimi nitakufungia."

Nikaitikia! Nikaanza hata kupiga hesabu za mkopo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Hebu fikirini. Kazini nikimpelekea mhariri habari ya chanzo kimoja, ananirudishia bila kuisoma mpaka mwisho. Mbunge akiniambia kitu, swali langu la kwanza ni "umejuaje?" Lakini huyu fundi ambaye hakugusa hata bisibisi sikumwuliza chochote. Sababu naijua. Ni zile kilomita tatu. Mtu mwenye hatia haulizi maswali, anauliza bei.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yetu, dereva mstaafu wa malori aliyeipiga njia ya Dar hadi Tunduma kwa miaka mingi. Alinikuta nimeegemea gari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umeua injini."

"Ndivyo wanavyosema, baba."

"Na hao wanaosema, maiti wameiona?"

Swali lake la pili lilikuwa kama gari lilichemsha likiwa mwendoni au limesimama. Nikasema foleni. Akatabasamu. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani wenyewe unapoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo inabaki kwa feni. Kwa hiyo linalochemsha kwenye foleni na kutulia barabara kuu, shuku feni kwanza. Linalochemsha ukiwa unakimbia, hapo ndipo uanze kufikiria rejeta iliyoziba, pampu ya maji au mpira uliobonyea. Siyo sheria ya Mungu, alisema, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi tukaanza, injini ikiwa baridi kabisa. Mzee alinionyesha mkono wake wa kulia, una kovu toka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Alifungua mfuniko wa rejeta lori likiwa la moto, wakati akipanda Kitonga. Mfuniko ule si kizibo tu. Una springi inayobana maji yasichemke mapema. Wangu umeandikwa 0.9, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Ukiufungua yakiwa na joto la nyuzi 110, mgandamizo unaondoka na yanachemka yote kwa mara moja, usoni kwako. Subiri lipoe kabisa. Hata kama una haraka, hata kama abiria wanapiga kelele.

Kitu cha kwanza tulichotazama ni oili. Kama gasketi ya silinda hedi imeungua, maji huweza kuingia kwenye oili, na chini ya mfuniko wa oili unakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Nikaufungua huku nimefumba jicho moja. Ulikuwa mweusi tu. Mzee akasema usishangilie bado.

Mfuniko wa rejeta ulikuwa na mpira uliopasuka pande mbili. Ndani maji hayakuonekana. Tulipofungulia chini, yakatoka kidogo, mekundu kama udongo wa Moshi. Nilimwambia kwamba kila mwezi kijana wa kuosha magari huniongezea maji ya kisima cha mtaani. Maji yale hata chai hayafai kwa chumvi, sisi tunayanywesha gari! Chumvi inakula aluminiamu, inaacha magamba ndani ya vijia vya rejeta, na pampu nayo inaanza kuvuja. Yangu bahati nzuri ilikuwa kavu.

Tukajaza maji safi, mfuniko ukiwa wazi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, tukawasha. Na hapa ndipo nilipokufa mara ya pili.

Mapovu.

Yalikuwa yanapanda kwenye mdomo wa rejeta, makubwa, moja baada ya jingine. Nilishasoma usiku ule (mwandishi hakosi kusoma) kwamba mapovu ndiyo dalili ya gasketi kuungua: gesi ya kwenye silinda inapenya mpaka kwenye maji. Nikamwambia mzee basi, tuzime, fundi alikuwa sahihi. Akanijibu, "Kaa kwenye ndoo hapo, subiri."

Maana mapovu ni ya aina mbili. Ukimwaga maji ukajaza upya, hewa inabaki imenasa ndani ya injini na lazima itoke. Hiyo inapungua taratibu, unaongeza maji, inakwisha. Gesi ya silinda haikwishi. Ukikanyaga mafuta inazidi, na mipira ya rejeta inakuwa migumu kama mti hata injini haijapata moto. Nilikaa kwenye ile ndoo kama robo saa. Ni robo saa ndefu kuliko mkutano wowote wa waandishi niliowahi kuhudhuria. Mapovu yakawa madogo, yakawa ya hapa na pale, yakakoma. Mzee akakanyaga mafuta mara tatu. Maji yakatikisika, povu hakuna.

Sikusema kitu. Niliingia ndani nikamwambia mama, nikarudi.

Mshale ulikuwa sasa unapita katikati, na feni imetulia kama picha ukutani. Tukazima haraka. Mzee akafungua boksi la fyuzi, akachomoa rilei ya feni, kile kiboksi cheusi kidogo, akachomeka mahali pake ile ya honi, maana namba zake zilikuwa sawasawa. Akawasha. Feni ikalia vuuu! Honi ikafa. Kumbe injini ya milioni mbili na laki nne ilikuwa kiboksi kinachoenea kiganjani. (Ukijaribu hili, vidole viwe mbali. Feni ya umeme huweza kuzunguka yenyewe hata funguo ukiwa mfukoni.)

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alikuwa ameshika mipira miwili ya rejeta wakati injini inapata moto, na hakuridhika. Wa juu na wa chini ilipata joto pamoja tangu mwanzo. "Hapa hakuna mlinzi mlangoni," akasema. Mlinzi ni themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha kufungua. Tulifungua kifuko chake, nati mbili tu. Ndani mtupu. Mtu aliitoa, sijui lini.

Mafundi wengi hapa mjini watakuambia hiyo ni ya nchi za baridi, toa itupe, gari litapoa zaidi. Mimi mwenyewe nilishasikia nikaamini. Ila kwenye injini kama yangu themostati inapofungua njia ya rejeta, upande wake wa nyuma unafunga njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Siku za kawaida hutambui. Siku ya foleni na feni mbovu, ndiyo utajua.

Jumatatu nikaenda Gerezani kununua. Rilei elfu nane, mfuniko elfu kumi, themostati elfu ishirini na tano, kulanti lita tano elfu thelathini. Elfu sabini na tatu.

Themostati mpya usiifunge bila kuipima, mpya nazo huwa mbovu. Imeandikwa 82. Niliifunga uzi, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya mama yenye maji, isiguse chini, nikawasha gesi. Mama alisimama mlangoni akilalamikia sufuria yake. Maji yalipoanza kutoa mvuke mzito, kabla hayajachemka, kile kidude kikaanza kufunguka polepole kama jicho la mtu anayeamka. Nilipokitoa kikajifunga. Mama akaacha kulalamika, akasema rudia tena nione. Tukarudia mara tatu. Sufuria imestaafu kupika, msiwe na wasiwasi.

Kulanti nayo muwe makini. Ni sumu na ina ladha tamu. Ikimwagika chini, paka na watoto huilamba. Mimi nilikinga kwenye beseni, nikakausha sakafu. Kama ni ile nzito ya kuchanganya, tumia maji yaliyosafishwa, na ukienda dukani hakikisha hupewi asidi ya betri.

Yule fundi alinipigia Jumanne kuuliza kama hela imepatikana. Nilimwambia feni ilikuwa haizunguki. Akasema, "Aaa, basi hata mimi nilihisi."

Juzi nimempeleka mama kliniki tena. Wakati wa kurudi, palepale karibu na Buguruni, foleni ileile. Nilizima redio, macho kwenye mshale. Ulifika katikati, ukapanda kidogo, na mbele yetu kitu kikaanza kuvuma.

"Hiyo kelele ya nini?" mama akauliza.

"Feni, mama."

Akasikiliza kidogo. "Mbona tangu ununue hili gari sijawahi kuisikia?"