Fuawe la Mjomba

Kwetu Vidunda ukoo hufuata mama, na ukishalijua hilo umeelewa nusu ya historia ya biashara yetu. Mjomba alikuwa na watoto wa kiume, tena wenye misuli, lakini fuawe halikuwa lao, kwa kuwa wao walikuwa wa ukoo wa mama yao. Fuawe lilikuwa la ukoo wa mjomba na mama yangu, na aliyefuata nilikuwa mimi. Binamu zangu wakashukia kwenye mashamba ya miwa, wakapata mshahara wa kila mwezi, na kwa miaka mingi walinionea huruma. Mimi nikabaki mlimani navuta mvukuto.

Fuawe lenyewe ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye kisiki cha mkongo. Tawi la reli kutoka Kilosa lilipita Mikumi na kufika Kidatu miaka ya 1960. Kipande kile kilifikaje mlimani sikuuliza. Kuna maswali mtu hamwulizi mjomba wake.

Chuma cha kufua kilitoka barabarani. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikalazimika kutafuta njia ya Dar es Salaam kwa mafuta na shaba yake, na malori yakawa hayakauki Mikumi, kwenye barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo. Springi zilivunjika kila siku. Springi ya lori ni chuma cha heshima: inashika makali na bado inavumilia nyundo. Mjomba alizinunua kwa mafundi magari, zikapandishwa mlima kichwani kutoka Kidodi.

Mwanzoni alifua majembe na mashoka. Kisha Ubungo kukawa na kiwanda cha zana za kilimo, na jembe la kiwandani likawa rahisi kuliko mkaa aliouchoma kufulia la kwake. Mwingine angefunga kibanda. Yeye akawaangalia maseremala. Patasi zao zilitoka Sheffield, Uingereza, na zikiisha hapakuwa na mtu wa kuwatengenezea nyingine. Akaanza na patasi ya kutobolea tundu la ulimi, ile nene, kwa sababu seremala haishii kuigonga, huitumia pia kubanjua vipande kutoka ndani ya tundu, na patasi nyembamba hukatika hapohapo. Baadaye zikaja patasi pana za kusafishia, kisha randa za kuchimbia mfereji kwenye ubao: mwili wa mpingo, kisu cha tupa kuukuu, kabari ya mninga.

Kufua ni kazi ya mikono, na mikono hufundishika. Kazi ngumu ni moto. Kibanda chetu hakikuwa na dirisha, na wageni walidhani ni umaskini. Ilikuwa makusudi, kwa kuwa wekundu wa chuma hauonekani sawasawa kwenye mwanga wa jua. Patasi ikifikia wekundu unaotakiwa, unaizamisha kwenye oili chafu ya gari, si kwenye maji, maana springi ikizamishwa kwenye maji hupasuka. Ikitoka hapo ni ngumu lakini itavunjika kama kioo. Basi unaing'arisha upande mmoja, unaipasha taratibu kutokea shingoni, unatazama rangi zikikimbilia kwenye makali. Manjano ya nyasi kavu ikifika kwenye ncha, unazamisha tena. Ukichelewa mpaka bluu ifike kwenye makali, umetengeneza kitu cha kufungulia makopo ya rangi.

"Mjomba, usiniangalie mimi," aliniambia, maana naye aliniita hivyohivyo. "Angalia chuma."

Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maduka yalikuwa matupu, na hiyo ndiyo iliyokuwa neema yetu, nasema bila haya. Maseremala walipanda kutoka Ruaha, Mikumi, hata Kilosa mjini. Wengine walilipa kwa mchele, wengine kwa mbao. Kisha ikaja ruksa ya Rais Mwinyi ya kuingiza bidhaa, na patasi za China na India zikajaa madukani zikiwa na mipini ya plastiki. Zilikuwa zinang'aa. Wateja wetu wakapungua mpaka daftari la madeni likawa nene kuliko la mauzo.

Kilichotuokoa ni mvule. Mti huo huficha mawe ndani, chokaa iliyoganda katikati ya mbao, na patasi ya dukani ikikutana nayo hutoka na pengo. Yetu pia ilitoka na pengo, siwezi kudanganya, lakini fundi aliileta tukaitengeneza upya siku hiyohiyo. Ya dukani angeipeleka wapi? Tulipohamia Mikumi, karibu na barabara kuu, kazi ya kunoa na kurudishia ugumu ilikuwa imeshaupita uuzaji wa zana mpya.

Mjomba alizikwa Vidunda. Dada yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na mwanangu, kwa mila ileile iliyonipa fuawe, hakuwa na dai. Wazee walitaka tumtafute kijana kwenye tawi la mbali la ukoo, mtu asiyejua hata kushika koleo. Nikawaambia mpwa ni mpwa. Binti wa dada yangu alikuwa amesomea uchomeleaji VETA Mikumi na likizo zake zote alizimalizia kibandani kwangu. Wawili kati ya wazee hao walinuna, nadhani bado wamenuna.

Mpwa wangu haamini macho peke yake. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu: chuma kikiacha kuvutwa, moto umetosha, anangoja kidogo tu, anazamisha. Amefungua dirisha. Siku hizi madirisha ya nyumba mpya ni ya aluminiamu, milango ndiyo imebaki kwa seremala, na matundu mengi hutobolewa kwa mashine. Kwa hiyo ananoa visu vya mashine ya randa, kazi isiyo na utamu lakini inayolipwa kwa simu kabla mteja hajaondoka. Patasi hufua kwa oda, na oda nyingi ni za ile nene ya nusu inchi.