Kura na Siri Yake

Mgeni asikiaye jina la Ramadhani hudhani kuwa ametajiwa mtaa wa pwani. Kumbe ni kata ya mji wa Njombe, katika nyanda za juu, mahali pa baridi kali, pa viazi, chai na misitu ya kupandwa. Huko ndiko nilikokulia, na huko ndiko nilikojifunza kuwa kuhesabu kura za watu ni kazi nyepesi kuliko kujua nia zao.

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha juu ya siasa za kwetu. Nilisema kwamba watu wa Njombe na Makambako huchagua kwa mazoea, kama ng'ombe ajuavyo njia ya zizini. Hoja yangu niliitoa barabarani. Katika njia kuu iendayo Zambia, Iringa Mjini na Mbeya Mjini zilichagua wabunge wa CHADEMA mwaka 2010. Makambako iko katikati ya miji hiyo miwili. Ina stesheni ya TAZARA, malori ya usiku na mchana, na wachuuzi wa kila kabila. Lakini ilibaki na CCM, na Njombe vilevile. Nikauliza kwa majivuno ya ujana: ikiwa njia ni moja, mbona upepo haukufika kwetu?

Nilimsomea babu insha ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Kamwene, mwalimu. Sasa nami nikufundishe." Akanikumbusha uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU walisimamishwa mbele ya watu, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. "Chama hatukukichagua," alisema, "lakini mtu tulimchagua. Mwaka ule hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa kwao Mwanza. Je, mjukuu wangu, waliomwangusha nao walikuwa ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kusikiliza kabla ya kuandika. Nikatambua kwamba penye nguvu ya chama kimoja, shindano kali huwa ndani ya chama chenyewe, katika kura za maoni. Hapo ndipo watu huulizana: Huyu alikuja kuzika pamoja nasi? Mbolea itafika kabla ya mvua? Barabara ya kutolea viazi itapitika masika? Aliye mbali huona rangi moja tu, akadhani hakuna mabishano. Aliye karibu husikia mabishano usiku kucha.

Tarehe 25 Oktoba 2015 nilikuwa karani katika kituo kimoja cha kura. Nilikula kiapo cha kutunza siri. Kabla ya saa moja asubuhi watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari, wamejifunika mablanketi na makoti. Babu naye alikuja na kofia yake ya kijani, akapiga kura, akachovya kidole katika wino, akaenda zake. Jioni tulimimina kura mezani na kuzipanga. Lundo la CCM lilikuwa kubwa, kama nilivyotabiri. Lakini lundo la pili halikuwa dogo kama nilivyotabiri. Nililitazama nikaona haya, maana katika insha yangu watu hao hawakuwamo kabisa. Walikuwa majirani zangu, nami sikujua ni akina nani.

Nilimwuliza babu alimchagua nani. Akanijibu, "Kofia ni ya kichwani, kura ni ya moyoni. Usiniulize tena." Sikumwuliza tena hata alipofariki.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mambo yaliyofuata. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa, vikilalamika kuwa wagombea wao wengi wameenguliwa. Mwaka 2025 CHADEMA ilizuiwa kushiriki uchaguzi mkuu. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, na katika miji kadhaa watu waliuawa katika machafuko. Mtu akiyasoma matokeo hayo peke yake, atasema kwamba sote tu wa nia moja. Ndilo kosa langu la ujana, nalo sasa limeandikwa kwa tarakimu.

Lundo la pili halikumdhuru mtu mwaka 2015. Walioshinda waliweza kusema kwa haki kwamba wameshinda, kwa kuwa palikuwa na kura zilizowakataa. Walioshindwa walirudi mashambani siku ya pili, mvua zikakaribia, wakapanda viazi ubavuni mwa wenzao. Lundo lile lisipokuwapo mezani, hatuwezi kujua kama watu wameridhika au wamenyamaza. Na serikali isiyoweza kutenganisha ridhaa na kimya imejinyima taarifa iliyo bora kuliko zote. Babu alikuwa na haki ya kuficha jina alilolichagua. Lakini ili siri yake iwe na maana, ilipasa pawe na majina mawili.