Mundu mue si mchawi, tuache kuwachanganya

Ukisema unatoka Kitui, vichekesho ni viwili tu. Cha kwanza ni kamuti: "Msimkasirishe huyo, atawaroga!" Cha pili ni mwamba wa Nzambani, ati ukiuzunguka mara 7 mwanamume anageuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Sisi wa huku Zombe tumezoea, na wengine wetu ndio tunavisambaza. Lakini wasee, hicho cha kwanza kina shida.

Kikamba kina maneno mawili tofauti kabisa. Muoi ni mchawi, yule anayedhuru watu kwa siri, na hakuna anayemsifu. Mundu mue ni mganga. Anapiga ramli, anajua mizizi na majani, na ndiye aliyeulizwa mbona mvua imekataa au mbona mtoto haponi. Ukimwita mundu mue muoi mbele ya wazee, umemtukana.

Sasa hiyo tofauti tuliipoteza wapi? Wamishonari wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895. Shule na hospitali za wamishonari zimetusaidia, sibishi. Ila kilumi, ngoma ya akina susu ya kuomba mvua na kutuliza roho, nayo ikaitwa ya shetani, ikatupwa kapu moja na ulozi. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Uchawi, na Kiingereza chake kikampa hata mganga jina lenye uchawi ndani.

Utaniambia, ah, ni maneno tu. Si maneno tu. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakidaiwa kuwa wachawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa madai kama hayo, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Shosho anayeishi peke yake na kuchemsha majani, kijiji kikishasahau tofauti ya mganga na mchawi, ana nini cha kumkinga?

Sisemi uache dawa za TB ukanywe mizizi. Mganga akikwambia uache dawa za hospitali, kimbia. Pasta akikwambia hivyo, kimbia pia. Maiti zaidi ya 400 zilizofukuliwa msitu wa Shakahola kuanzia 2023 hazikuletwa na mundu mue yeyote. Yalianza na mahubiri. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba za kienyeji na inataka zisimamiwe. Hiyo naikubali: mganga akaguliwe kwa kazi yake, asihukumiwe kwa jina.

Halafu kuna ithembo, mahali pa sadaka, mara nyingi chini ya mti mkubwa kama mkuyu. Wazee walipeleka chakula na mbuzi wakaomba mvua, na mti wa hapo haukatwi. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti kwa sababu miti inaisha. Ithembo ilikuwa na marufuku yake kitambo, bila askari wala kizuizi barabarani. Wenzetu Mijikenda walizitetea kaya zao mpaka UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Zetu sisi vijana hata hatujui ziko wapi.

Na kujua ni lazima, kwa sababu Zombe iko ndani ya bonde la makaa ya mawe la Mui, kwenye kitalu kinachoitwa Zombe-Kabati. Siku wakija na mashine na kuuliza ni wapi pasiguswe, mtu hawezi kutetea mahali asipopajua. Huwezi pia kupatetea kama umeshakubali kwamba ni pa wachawi.

Kama susu wako yuko hai, mwulize majina ya miti na kazi zake, umrekodi na simu akikubali. Endelea kwenda kanisani au msikitini kwako, hakuna anayekuzuia. Na kichekesho cha kamuti kikiingia tena kwenye kikundi, uliza tu swali moja: unamaanisha muoi, ama mundu mue?