Usukani wa gemu ulivyoniumbua mbele ya mama watoto

Jamani, mtu mzima akifungwa gemu na mtoto anacheka, yanaisha. Mimi wiki mbili zilizopita nilishindwa na usukani wa plastiki, tena nikiwa sebuleni kwangu nimevaa kaptula, na mpaka leo halijaisha.

Mimi ni mpenzi wa gemu za magari. Nasema bila aibu ingawa nina miaka arobaini na ushee na ndevu zimeanza mvi. Nacheza Gran Turismo 7, ile iliyotoka 2022, na siku zote nimekuwa mtu wa pedi. Pedi haina makuu bwana. Umejilaza kochini, dole gumba la kushoto ndiyo usukani, kidole cha kulia kule nyuma ndiyo mafuta, cha kushoto breki. Halafu pedi inakuhurumia. Kile kijiti kinasogea padogo sana, kwa hiyo hata ukikisukuma kwa pupa, gemu yenyewe inalainisha, matairi hayakati ghafla kama ulivyoamrisha. Ni kama una utingo asiyeonekana anayekushika mkono. Ndiyo maana wapo vijana wa pedi wanaowatoa jasho wenye vifaa vya bei mbaya.

Basi, mtoto wa dada yangu akaja na begi. Ndani yake Logitech G29 ya mtumba: usukani, na pedali tatu chini, mafuta, breki na klachi. (Gia ya mkono inauzwa mbali! Klachi wanakupa, gia ununue. Biashara hiyo.) Akaibana kwenye meza ya kulia chakula, mama watoto akamtazama jicho la pembeni lakini hakusema kitu.

"Mjomba, hii ndiyo gari yenyewe," dogo akasema. "Pedi ni ya watoto."

Nami kwa majivuno nikamwambia mimi nimeendesha mpaka Mbeya, ataniambia nini kuhusu usukani?

Wasomaji, hapo nilidanganya kidogo. Kuendesha nimeendesha, lakini tangu 2018 sijashika gari. Nyumbani anaendesha mama watoto. Watu wakiuliza nasema macho, au foleni, au mgongo. Ukweli ni kwamba mwaka ule, kwenye kona za mlima Kitonga, sisi tunapanda, lori linashuka, likaja upande wetu. Tulitoka hai. Mimi nilivunjika mfupa wa bega, yeye ana kovu juu ya nyusi mpaka leo. Tukashukuru Mungu, tukafunga mjadala.

Dogo akachagua Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring kule Ujerumani, karibu kilometa 21, imejaa kona na msitu huku na huku. Kwa pedi naijua kama njia ya kwenda sokoni. Nikakaa, nikashika usukani kama dereva wa basi la mikoani.

Kona ya kwanza tu nikaona hapa si mchezo. Ule usukani unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Hakuna kubonyeza, unakata kweli, na mikono inachoka. Ndani yake kuna mota na meno ya gia, ndizo zinazousukuma kurudi mkononi kwako. Matairi ya mbele yakipoteza barabara, unahisi umekuwa mwepesi ghafla. Ukipanda kingo, unatetemeka mpaka viwiko. Breki nayo ngumu, ndani wameweka kipande cha mpira, lazima ukanyage kama mwanaume. Mwili tu ndio hausukumwi popote, umekaa kwenye kiti cha mninga. Lakini mikono, ndugu zangu, mikono haijui kwamba uko nyumbani.

Tukafika Fuchsröhre, pale unaposhuka bonde kwa kasi kisha njia inapanda. Tairi la kushoto likagusa majani. Usukani ukachomoka, ukajizungusha wenyewe kwa nguvu, taa taa taa!

Nikauachia. Nikanyanyua mikono yote miwili, nikafumba macho.

Gari ikajipigiza kwenye vyuma, dogo akacheka sana. "Mjomba, mbona unaachia? Unatakiwa ushikilie, ukate upande wa pili!"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, sauti ikatoka jikoni, ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi.

"Ndivyo alivyofanya na siku ile."

Dogo hakuelewa. Mimi nilielewa. Miaka yote nilijua kwamba pale Kitonga niliachia usukani, na niliamini ni siri yangu peke yangu. Kumbe alikuwa kiti cha pembeni, aliona, akanyamaza, akachukua funguo za gari akaendesha yeye, wala hakuniuliza hata mara moja.

Usiku ule hatukuzungumza. Kesho yake nikamwomba dogo aniachie kile kidude. Sasa kila jioni meza ikishafutwa nakibana, naingia Nordschleife. Muda wangu ni mbaya kweli, kwa pedi nilikuwa nazunguka chini ya dakika nane na nusu, kwa usukani navuka tisa. Nikitaka ushindi wa haraka pedi iko pale kwenye droo. Siitaki. Natafuta yale majani ya Fuchsröhre makusudi, nagusa, usukani unachomoka, na mimi nabaki nao. Mara tatu kati ya kumi bado naachia.

Jumatatu mama watoto alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama mpaka gari ikarudi barabarani. Akasema, "Baba Neema, Jumamosi tuna msiba Kibaha. Mimi nimechoka, utaniendesha."

Nikasema sawa. Leo Alhamisi. Gari nimeipeleka kwa fundi akaangalie matairi na breki, na nimemwambia aangalie tena.