Ajali Ina Kinga

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Sisi wa huku Maua methali hii tumeisikia mara nyingi mno, hasa makaburini. Gari likipinduka, mzee husimama, hukohoa kidogo, husema ajali haina kinga, nasi sote hutikisa vichwa na kurudi nyumbani kungoja nyingine. Mimi, kwa heshima zote kwa wahenga wetu, leo nimeshika kalamu kupinga. Nasema kwamba ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni macho ya dereva. Tena wakati wa kuyafundisha macho hayo ni pale mtu anapojifunza, kabla mikono haijazoea usukani.

Huenda msomaji akauliza, "Mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa miaka kumi na sita, gari kalijulia wapi?" Swali zuri. Ni kweli sheria ya Kenya hainiruhusu kuendesha gari mpaka nitimize miaka 18. Lakini mimi hutembea kwa miguu kuja shuleni na kurudi nyumbani kila siku, kando ya barabara ya Maua kwenda Meru, kwa hiyo madereva nawajua kama swara anavyomjua chui. Fauka ya hayo, kaka yangu mkubwa anajifunza udereva mwaka huu, na mimi ndiye mtahini wake wa nyumbani. Kila jioni, githeri ikitokota mekoni, ninashika kijitabu chake cha sheria za barabarani na kumwuliza maswali. Akikosa matatu, ananiteka maji ya kesho.

Sasa sikilizeni jambo linalonikosesha usingizi. Kaka hajifunzi ili awapeleke watu harusini. Anataka kuendesha pikapu ya miraa.

Kwa walimu wetu waliotoka mbali, acheni nieleze kidogo. Miraa hutakiwa ikiwa mbichi. Kiini chake cha kuchangamsha, kiitwacho kathinoni, huanza kupungua mara tu inapochumwa, na baada ya siku mbili hivi haina thamani tena. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya migomba, ikapakiwa kwenye pikapu, na pikapu zikaondoka hapa kwa kasi ya mshale kuelekea Nairobi, safari ya karibu kilomita 300, ili mzigo uwahi wateja na ndege za Mogadishu. Mwaka wa 2014 Uingereza iliipiga miraa marufuku, na wengine wakadhani mbio zitakwisha. Wapi! Mzigo ungali unakimbizwa. Kazi hiyo imesomesha wengi wetu humu shuleni, sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Ila imefanya vijana wa Maua waamini kwamba dereva bora ni yule anayefika kwanza.

Mjomba wetu, ndugu yake mama, alikuwa mmoja wa hao bora. Alisifiwa soko zima. Nilikuwa darasa la sita alipofariki. Alikuwa amekwisha kufikisha mzigo Nairobi, anarudi usiku, gari tupu, hakuna aliyekuwa akimngoja ila mkewe na watoto. Mbele yake kwenye kona palikuwa na lori lililoharibika tangu jioni, halina taa. Dereva wa lori alikuwa ameweka matawi mabichi barabarani, hatua kama thelathini nyuma yake, kama ilivyo desturi yetu wakati pembetatu ya kuakisi mwanga imekosekana. Pale kaburini mzee alisimama, akakohoa, akasema lile neno.

Mwaka huu katika fizikia tumefundishwa mwendo wa mstari na sheria za Newton, nami nikapiga hesabu ambayo sijamwonyesha mama. Waliomjua mjomba wanasema kilomita 120 kwa saa ulikuwa mwendo wake wa kawaida. Kwa mwendo huo gari hukata mita 33 kwa kila sekunde. Binadamu aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona jambo, kulitambua na kupeleka mguu kwenye breki. Toka kwenye matawi hadi kwenye lori hazikufika mita 33. Basi hata kama aliyaona matawi yale, lori lilimfikia kabla ya mguu kugusa breki. Mjomba alikuwa stadi kweli, bwana, lakini ustadi hauwezi kuongeza mita barabarani. Na si mguu tu wenye hesabu. Breki nazo zina yake: ukiongeza mwendo maradufu, toka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki haurudufiki mara mbili, bali mara nne.

Je, mambo haya yanafundishwa? Siku moja nilimsindikiza kaka hadi kwenye shule ya udereva, nikauona ule ubao unaojulikana Kenya nzima. Ni meza iliyochorwa mji mdogo, una mzunguko, njia panda na mahali pa kuegesha. Mwanafunzi hupewa kigari cha kuchezea, akaambiwa atoke hapa aende pale bila kuvunja sheria. Kaka alikisukuma kigari chake vizuri mno. Ubao si mbaya, maana humfundisha mtu kukaa upande wake wa kushoto na kujua nani apite kwanza. Lakini nilipoutazama sana, niliona umekosa kitu. Ndani ya mji ule hamna hata mtu mmoja! Hamna mbuzi, hamna ukungu, hamna bodaboda lililobeba kitanda. Mwanafunzi anaweza kufaulu pale na asijue kwamba barabara ya kweli ina nia yake.

Kwa hiyo mimi na kaka tumeuongezea ule ubao mambo ya kwetu. Haya hapa machache, kwa faida ya kila anayejifunza.

Kwanza, mpira. Mpira ukivuka barabara, usiutazame mpira. Tazama ulikotoka, maana nyuma yake yuaja mtoto mbio. Vivyo hivyo matatu ikisimama, jua kwamba kuna mtu atakayejitokeza mbele yake bila kuangalia.

Pili, ukungu wa milima ya Nyambene. Asubuhi nyingine hata mwenzako aliye hatua kumi humwoni. Washa taa, lakini taa za chini, kwani za juu hugonga ukungu zikakurudia machoni. Kisha punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Kanuni hii ndiyo ingemfaa mjomba usiku ule pia: usiendeshe kasi kuliko macho yako.

Tatu, matawi. Ukiona matawi mabichi barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, hata kama huoni gari lolote. Mtu hakati matawi kwa ajili ya mchezo.

Nne, indiketa ya lori. Huku kwetu dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia, aghalabu anakuambia usimpite, na akiwasha ya kushoto anakuambia pita. Ni ukarimu, lakini usiuamini kama Maandiko. Ya kulia huenda anakata kona kweli, na ya kushoto huenda anaegesha. Yeye hawezi kukuonea kila kitu. Kama hujaona mbele kwa macho yako mwenyewe, usiovateki.

Tano, mteremko. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likielekea Mombasa kutoka Meru liliacha barabara kwenye daraja la Nithi, kabla ya kufika Chuka, likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Mahali hapo palikuwa pamekwisha kuua wengine miaka ya nyuma, na kila gari la Maua liendalo Nairobi kwa njia ya Embu hupita hapo. Barabara huteremka kwa muda mrefu na ina kona kabla ya daraja. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko wa namna hiyo, breki hupata moto na huweza kukosa nguvu. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo kileleni, kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Na wale wanaotoa gia ili waokoe mafuta, nawauliza: mafuta hayo mtayatumia wapi?

Sita, nafasi. Chagua mlingoti mbele. Gari lililo mbele yako likiupita, hesabu sekunde mbili. Ukiufikia kabla ya kumaliza, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha, ongeza ziwe nne.

Najua kuna atakayesema kwamba kazi hii ni ya serikali. Serikali imejaribu. Mwezi wa Februari 1994? La, si zamani hivyo. Ni Februari 2004, wakati marehemu John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, ambapo matatu zilianza kulazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tangu 2012 tunayo pia mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama, yaani NTSA. Mijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Sheria hizi zinafaa, lakini askari hasimami katika kila kona, na kidhibiti mwendo hakimwoni mtoto anayefuata mpira.

Kaka ananiambia, "Wewe ongea tu. Tajiri akisema mzigo ufike saa kumi na moja, utamwambia nini?" Hapo ndipo penye ugumu, na sina jibu rahisi la kumpa. Dereva akichelewa mara mbili, usukani hupewa mwingine. Tena dereva mwenyewe hutafuna miraa ili asisinzie, na miraa huuficha uchovu, haiuondoi. Nilichomwambia kaka ni kwamba tajiri akipoteza pikapu hununua nyingine, lakini mama ndugu yake hajapata mwingine. Alinyamaza. Hakuteta, wala hakukubali.

Hata hivyo kuna mchezo tuliouanza, na hajauacha. Tukitembea pamoja kwenda sokoni, yeye hutaja kwa sauti kila hatari anayoiona na lile linaloweza kutokea. "Bodaboda limesimama, abiria atashukia upande wa barabara. Yule mama wa mkokoteni anataka kuvuka. Shimo lile, gari linalokuja litalikwepa liingie kwetu." Mimi nikiona kitu ambacho hajakitaja, nimepata alama moja. Wiki za kwanza nilimshinda kwa mbali. Siku hizi ndiye anayenishinda. Jumapili iliyopita tulipanda matatu kwenda Meru pamoja na mama, ambaye tangu kaka aanze masomo haya hajasema lolote juu yake. Tulipokaribia Kangeta, mama akasema ghafla, "Mbuzi." Dereva alikuwa hajamwona. Kaka akacheka, akamwambia, "Mama, alama moja."

Wanafunzi wenzangu, mchezo huo hauhitaji leseni wala petroli. Uchezeni njiani na kwenye matatu. Miaka miwili ijayo wengi wetu tutabandika ile herufi L nyekundu kwenye gari la kujifunzia, na mwalimu ataketi kando yetu kutufundisha klachi na gia. Macho tutakuwa tumekwenda nayo sisi wenyewe, na ni afadhali yawe yamekwisha kufundishwa.