Msizisugue Sarafu za Mirathi



Akina mama na ndugu zangu wapenzi, kazi ya kugawa mirathi imenifikisha katika nyumba nyingi za Majengo, Shauri Moyo na Eastleigh. Nyumba na viwanja hupata wa kuviulizia, maana kila mrithi anajua vina thamani. Vinavyopotea kimyakimya ni vile vitu vidogo vilivyofungwa kitambaani chini ya sanduku la marehemu: kidani, kikuku, mkebe wa sarafu kuukuu.

Mwaka jana niliitwa na jamaa waliofiwa na mama yao hapa Pumwani. Baba alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mkebeni mlikuwamo ndururu na peni za tundu, shilingi za zama za wafalme wa Uingereza, na riale mbili kubwa za fedha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amezipima zote kwa kilo na kutaja bei, na kaka mkubwa ameridhika. Binti wa mwisho, mwenye miaka 13, alikuwa ameshika majivu na ndimu ili azing'arishe bei ipande. Nikawaomba wasubiri. Ridhaa ya kaka haiwezi kufuta haki ya yatima, na haki isiyojulikana kiasi chake haigawiki.

La kwanza nililowaeleza ni kwamba sarafu kuukuu haisuguliwi. Weusi ulioikalia fedha kwa miaka mingi si uchafu wa kuondolewa. Ukiisugua unakwangua fedha yenyewe, na mjuzi akiigeuza kwenye mwanga huiona mikwaruzo papo hapo. Thamani iliyoondoka hivyo hairudi. Na anayeuza sarafu huku akijua kuwa imesuguliwa au imetobolewa ili ivaliwe shingoni, amwambie mnunuzi.

La pili, sarafu hushikwa kwa ukingo, si kwa uso, na hutazamwa kwa mwanga wa dirisha unaoijia kwa upande. Uchakavu huanza palipoinuka. Shilingi ya Afrika Mashariki ina mfalme upande mmoja, na upande wa pili simba aliyesimama mbele ya milima. Tazameni taji na shavu la mfalme, kisha manyoya ya shingo ya simba. Manyoya yakiwa bado yanaonekana moja moja, sarafu haikutembea sana mikononi mwa watu. Simba akibaki kivuli, imetembea mno. Lakini tahadharini: zipo zilizotoka kiwandani na chapa hafifu. Hizo hubaki na mng'ao wa asili hata pale chapa ilipofifia. Iliyochakaa haina mng'ao huo.

La tatu ni ukingo na uzito. Uingereza ya kale sarafu za fedha zilipigwa kwa nyundo, moja moja, na kingo zake hazikuwa sawa. Wadanganyifu wakawa wanazikata pembeni na kukusanya vipande, hata mwaka 1696 serikali ikalazimika kuzirudisha na kupiga mpya kwa mashine. Mpaka leo wanaokadiria sarafu hizo za kale huuliza kwanza kama duara limetimia na uzito haujapungua. Wizi wa namna hiyo ndio tunaoonywa katika Surat al-Mutaffifin.

La nne ni mwaka. Shilingi za George wa Sita hadi 1946 zina robo ya fedha. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Riale za Maria Theresa nazo karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, ingawa ziliendelea kupigwa miaka mingi baada yake. Kwa hiyo tarehe ile si ushahidi wa umri. Uzito wake ni karibu gramu 28, na sehemu tano katika sita ni fedha safi. Ukingoni mna maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na upole.

Tulikwenda kwa sonara mwenye mizani, kisha kwa mkusanyaji wa sarafu, ili tupate kauli mbili. Hapakuwa na utajiri: ndururu nyingi zilikuwa zimelika, na simba wengi ni vivuli. Lakini riale mbili peke yake, kwa fedha iliyomo tu, zilizidi bei iliyotajwa kwa mkebe mzima. Fungu la binti likaandikwa, likawekwa amana mbele ya mashahidi.

Basi, akina mama, mkifungua sanduku la marehemu, tengeni majivu na ndimu kando. Hesabuni sarafu mbele ya warithi wote, ziandikeni, zifungeni kila moja kwa karatasi kavu, kisha mtafute mwenye mizani ya haki.

Wabillahi tawfiq.